Jibu: Vielekezi katika maelezo ya kiolesura

Ndugu, umeuliza kwa nini maelezo ya kiolesura chenu, kinachounganisha mashine za malipo za Westlands na seva iliyoko Upper Hill, yasitumie vielekezi huru kama vya lugha ya programu ya C. Kielekezi ni anwani ya kumbukumbu, na anwani hiyo haina maana yoyote ikivuka kwenda mashine nyingine. Kwa hiyo kinachosafirishwa ni nakala ya data yenyewe, na msimbo unaoifungasha lazima ujue mapema kama data hiyo ipo na kama inaelekezwa kutoka mahali pengine pia. Ndiyo maana IDL ya Microsoft, yaani lugha ya kuandikia maelezo ya kiolesura, iliyojengwa juu ya ile ya DCE (mfumo wa kuunganisha programu zilizo kwenye mashine tofauti), ina sifa tatu za kielekezi: "ref" haiwi tupu kamwe, "unique" yaweza kuwa tupu, lakini haishiriki data na kielekezi kingine, "ptr" huruhusu yote mawili, kwa gharama ya kukumbuka kila kielekezi kilichokwisha kupitiwa. Kwenye ankara yenu, namba ya mteja ipewe ref, na maelezo ya punguzo, ambayo mara nyingi hayapo, yapewe unique. Kuhusu ptr, nawasihi mno: kabla ya kuifikia, jaribuni kwanza kuiweka data hiyo katika safu, kisha mtumie namba za nafasi badala ya vielekezi.