Chunusi zimekwisha, mashimo yamebaki

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na dada yangu tulipata chunusi tukiwa sekondari hapa Ujiji. Zake zilipona bila alama. Mimi mashavu yamebaki na mashimo. Mama anasema ni kwa sababu nilizitumbua. Je, kuna kipimo cha kujua nani atabaki na makovu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama hajakosea, kutumbua kunaharibu, lakini usibebe lawama yote. Chunusi ikivimba, seli hutoa vimeng'enya viitwavyo MMP, vinavyokatakata kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi. Kisha protini iitwayo TGF-beta 1 huchochea nyuzi mpya zijengwe. Ukataji ukizidi ujenzi, panabaki shimo. Ujenzi ukizidi, kovu huinuka, kama yale ya kifuani na mabegani. Kwa wanaopata makovu kirahisi, uvimbe huchelewa kwisha, na TGF-beta 1 imeonekana kuwa nyingi. Hapo mnaweza kutofautiana hata kama mmenyonya ziwa moja.

Kipimo cha kawaida cha hospitali hakipo. Protini hizi hupimwa kwenye vipande vya ngozi, tena kwa utafiti. Anayekuuzia kipimo hicho, mkimbie. Na zile krimu za kuchubua zinazopimwa vikopo sokoni? Hazijazi shimo hata moja, na zenye steroidi huzidisha chunusi.

Kama bado zinatoka, zitibu mapema: adapalini ya kupaka usiku (si kwa mjamzito) pamoja na benzoili paroksaidi. Mashimo yenyewe yanahitaji mtaalamu wa ngozi. Omba rufaa hospitali ya mkoa, Maweni.