Je, "haben" ya Kijerumani imetoka kwenye Kilatini?

SWALI: Ninajifunza Kijerumani. Video moja imedai kwamba kitenzi haben, "kuwa na", kimezaliwa na habere ya Kilatini, kwa sababu vinafanana kwa sauti na kwa maana. Mwalimu wangu amekataa bila kueleza. Nimwamini nani?

JIBU: Mwamini mwalimu. Swali hili naletewa kila mara, na chanzo ni kilekile: mtu amesikia maneno mawili yanafanana, akatangaza undugu.

Tazama sauti ya kwanza. Pale Kilatini kinapoanza na c, inayotamkwa k, Kijerumani huwa na h: cornu (pembe) ni Horn, centum (mia) ni hundert, cor (moyo) ni Herz. Mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliieleza kanuni hiyo mwaka 1822. Kwa hiyo ndugu wa haben katika Kilatini sharti aanze na c, naye yupo: capere, "kukamata". Ulichokikamata unacho, ndivyo maana ilivyosogea. Na ile b mahali pa p isikusumbue, maana iko pia kwenye septem na sieben, yaani saba. Karl Verner wa Denmark alionyesha kwamba ilitegemea mahali mkazo ulipokuwa zamani.

Mzazi wa haben huandikwa *habjaną. Nyota hiyo ina maana kwamba hakuna maandishi yoyote yenye neno lenyewe. Limejengwa upya kutokana na wazao wake: haban katika Biblia ya karne ya 4 ya Kigothi, lugha iliyokufa ya jamii moja na Kijerumani, habban ya Kiingereza cha kale iliyozaa have, na hebben ya Kiholanzi. Habere nayo, wataalamu wengi huiweka ukoo mmoja na geben, "kutoa"!

Wanaonikera ni hawa wanaofanya isimu kwa sikio tu. Leo ni haben, kesho watakwambia neno fulani la Kiswahili ni la Misri ya mafarao kwa sababu ya silabi moja. Wanakurushia jozi moja ya maneno na kuiita ushahidi. Wadai jozi nyingine zenye mabadiliko yaleyale ya sauti, uone kama wanazo. Kule Queensland, Australia, katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji, mbwa aliitwa dog, sawa na Kiingereza. Hawakuazimana, wala hakuna undugu: neno lao lilitokana na gudaga, likapoteza silabi ya mwanzo na irabu ya mwisho.