Jibu: Klabu ya kuvua kwa ndoana Bukavu, kama zile za Malindi?

Ndugu yangu, umeuliza kama sisi wa Bukavu tunaweza kuanzisha klabu ya kuvua kwa ndoana kama zile za Malindi na Watamu. Inawezekana kabisa, na mimi ningejiunga leo. Ila usiwaahidi wanachama samaki wakubwa. Kule baharini wanafukuzia nduwaro na jodari. Ziwa Kivu halina samaki wa namna hiyo. Ziwa letu lina kina cha hadi mita 485, lakini hewa ya kutosha samaki inaishia kwenye mita 60 hivi za juu. Chini ya hapo hewa hakuna, na kwenye vilindi maji yamejaa gesi, hakuna samaki anayeishi. Basi wasihangaike kushusha uzi mrefu. Tafuteni tilapia kandokando, penye matete na mawe, mnyoo kwenye ndoana ndogo, alfajiri kabla upepo haujaanza.

Wale samaki wadogo kama dagaa, tunaowaita sambaza, waachieni wavuvi wa usiku. Wale wana pirogi zao, yaani mitumbwi, tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu, taa zikimulika maji, wavu chini yake. Hiyo ni riziki ya watoto wao, naomba sana klabu isikatize karibu na nyavu zao. Tena waalikeni wawafundishe, maana wanalijua ziwa kuliko sisi sote.

Michango ya kwanza inunue jaketi za kuokolea maisha, kila mtu na yake, kabla ya fimbo za kuvulia za bei. Asiyevaa asipande, hata akiwa mwenyekiti. Mkitamani sangala, wale samaki wakubwa, pangeni safari ya Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika wapo.