Unautaka uenyekiti wa klabu ya robotiki? Anza kwa kutunza vifaa

Dogo, umesema uko mwaka wa pili, unataka kugombea uenyekiti wa klabu ya robotiki hapo chuoni ila unasita maana kuna wenzako wanaandika programu kukuzidi mbali. Mimi nilianza kama mtunza vifaa ndo nikaja kuwa mwenyekiti, na hilo la programu wala lisikunyime usingizi. Yule mkali wenu klabu inamhitaji kwenye kompyuta, ukimpa uenyekiti atashinda anafuatilia barua za kuomba karakana.

Kinachoua hizi klabu ni vifaa. Mtu wa mwaka wa kwanza anakuja na hamu zote, anakuta Arduino moja, ile bodi ndogo ya kuendeshea roboti, inagombaniwa na kundi zima, nyaya za jampa za kuungia vifaa zimekatika ncha, betri hazina chaji, wiki inayofuata humuoni. Kwa hiyo omba kutunza vifaa kwanza hata kama hakuna anayekitaka hicho cheo. Nilivyopewa mimi niliweka daftari, kila bodi na kila mota ina namba yake, ukichukua unasaini, ukirudisha kibovu unaandika kimeharibikaje na hakuna wa kukugombeza. Betri za LiPo, hizi za lithiamu za kuchaji, ndo nilizikazia zaidi, seli ikijaa ni volti 4.2, isishuke chini ya 3, na mkienda likizo mnaziacha kwenye 3.8 hivi, zikikaa muda mrefu zimejaa au zimekauka zinavimba na zile zikishika moto sio mchezo. Ukifanya hayo utaona watu wote wanakuja kuuliza kwako, hata ambao hamjawahi kusalimiana.

Halafu kaa na wageni. Kuna binti roboti yake ya kufuata mstari ilikuwa inasuasua, jamaa wanakagua programu tu, kumbe anatumia betri nne za AA kupitia drayva ya L298N, kile kibodi kinachopeleka umeme kwenye mota, na ile yenyewe inakula karibu volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Nikampa multimita, kile kipimo cha umeme, apime mwenyewe, kwenye betri inasoma karibu 6, kwenye mota inasoma 4 na kidogo, akaelewa pale pale, tukamfungia seli mbili za lithiamu ikaondoka vizuri kabisa. Baadaye yeye ndo akawa anawafundisha wengine mambo ya umeme, na mtu kama huyo siku ya kura humwombi.

Siku ya kujinadi usiahidi safari. Wagombea wanapenda kuitaja FIRST Global, yale mashindano ya roboti ya dunia yaliyoanza Washington 2017, wakati yale ni ya vijana wa miaka 14 hadi 18 na kila nchi inatoa timu moja, nyie wa chuo hamumo. Ahidi kitu cha ndani ya semesta, mfano mashindano yenu wenyewe ya kufuata mstari, tepu nyeusi ya umeme kwenye sakafu nyeupe inatosha, yafanyike mapema kabla watu hawajaanza kukimbizana na testi. Na mlezi wa klabu mwone kabla hujachukua fomu, umuulize kabisa karakana mnaweza kuitumia siku gani na ufunguo unakaa kwa nani, ukisimama kujieleza uwe na hayo majibu mkononi.