Rafiki wa Kuchati Naye na Rafiki wa Kukaa Naye

Kuna mtu nilichati naye karibu miaka miwili kabla hatujaonana. Usiku wa manane tuliambiana mambo ambayo hata ndugu zangu hawayajui. Siku tulipokutana, tulikaa mezani tukitazamana kama watahiniwa wanaosubiri karatasi ya mtihani. Yule mcheshi wa kwenye simu kumbe ni mtu wa maneno machache, anazungusha kikombe weee ndipo ajibu. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikiona nimedanganywa.

Hakunidanganya. Kwenye kuchati alikuwa na muda wa kuandika, kufuta na kuandika upya, nami nikapokea nakala safi. Palipobaki mapengo nikayajaza mwenyewe, kwa namna nilivyotamani awe. Mwaka 1996 mtafiti wa mawasiliano, Joseph Walther, alieleza kwamba wanaowasiliana kwa maandishi huweza kujihisi karibu kuliko hata wanaoonana, kwa kuwa kila mmoja anachagua cha kuonyesha na mwenzake anakikuza. Ndiyo yaliyonikuta.

Siku hizi sisubiri miaka miwili. Baada ya wiki chache naomba tupigiane simu, hata dakika kumi za porojo tu. Sauti haifutiki ikaandikwa upya. Mtu akiwa na udhuru kila siku, leo mtandao, kesho kipaza sauti, halafu mazungumzo yakaanza kunukia pesa, mimi huyo naondoka bila kwaheri. Na mkikubaliana kuonana, iwe mchana, penye watu, na mtu wako mmoja ajue uliko.

Lakini wanaosema urafiki wa mtandaoni ni hewa, sikubaliani nao. Nilipougua, ni huyo huyo wa kuchati aliyeniuliza kila asubuhi, "Umemeza dawa?" Jirani yangu wa mlango wa pili hakujua kama nipo.

Simlaumu jirani. Tulikuwa watu wa "habari" na "salama" za kwenye ngazi, basi. Utafiti wa Jeffrey Hall wa Marekani, uliotoka 2018, ulikadiria kwamba watu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili watoke kwenye kufahamiana wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili washibane. Kwa salamu za nusu dakika, tungeshibana tukiwa na mvi! Kwa hiyo nilianza kumtafutia sababu. Bomba langu lilipovuja nilimwita badala ya kuita fundi. Hatukuliweza, tulilowa chapachapa, ila saa tatu zilipita na nikamjua anavyokasirika na anavyocheka.

Somo la bomba nikalipeleka kwa rafiki yangu wa kuchati. Mara ya pili sikumwalika mezani, nilimwambia tutembee. Tulikwenda bega kwa bega, bila kulazimika kutazamana, na maneno yakaja yenyewe. Katikati ya kisa kimoja aliinama kufunga kamba ya kiatu, akaendelea kusimulia vile vile, uso chini.