Wali Ulichemka, Sumu Ikabaki

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwezi uliopita tulikuwa na hitima hapa kwetu, na sufuria moja ya wali wa nazi ikalala jikoni ikiwa imefunikwa. Asubuhi niliupasha moto mpaka ukatoa mvuke, nikawapa watoto. Hazikupita saa mbili wote watatu wakaanza kutapika, ingawa kufika jioni walikuwa wameshapata nafuu. Wali haukuwa umechacha wala haukunuka. Kama moto unaua vijidudu, ni nini kilichowadhuru wanangu?
Mama wa watoto watatu, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa siku hiyo. Moto wako ulifanya kazi yake, kwani bakteria waliokuwa wakikua katika sufuria ile karibu wote walikufa. Kilichobaki ni sumu waliyokwisha kuitengeneza usiku, na sumu si kiumbe hai hata ife. Tofauti hii kati ya bakteria na sumu yake husahaulika mno tunapozungumza habari za afya, na kusahaulika kwake huwaumiza watu.

Wali uliolala na matapishi yaliyokuja upesi namna hiyo vinaelekeza kwa bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye huishi udongoni na kufuatana na mchele tangu shambani. Akibanwa na joto hujifungia ndani ya gamba gumu, akawa spora, na spora hustahimili mapishi ya kawaida. Wali unapopoa polepole ndani ya sufuria nzito, katika usiku wa joto na unyevu kama huu wetu wa pwani, spora huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu iitwayo sereulidi. Sumu nyingi za bakteria ni protini, nazo huharibiwa na joto kama ute wa yai unavyogandishwa na moto. Sereulidi lakini ni mnyororo mfupi uliofungwa mithili ya pete, na imeonekana kuhimili nyuzi 121 kwa muda wa dakika 90, wakati maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100. Hata ungeupasha wali ule mara tatu usingeiondoa.

Ikishaingia mwilini, hushambulia mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati kwa kutegemea tofauti ya chaji za umeme kati ya pande mbili za utando wake. Sereulidi huibeba potasiamu na kuivusha utando huo pasipo utaratibu, tofauti ile ikatoweka, mitokondria zikavimba, na seli ikaishiwa nguvu. Kutapika hutangulia kwa sababu sumu huuchochea mshipa wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo. Wengi hupona ndani ya saa 24, kama walivyopona wanao, lakini kwa nadra ini limewahi kushindwa kabisa kufanya kazi. Kwa hiyo mtoto anayetapika bila kukoma, anayelegea au anayegeuka macho kuwa ya njano apelekwe hospitali mara moja.

Najua thamani ya kiporo na chai ya asubuhi, na sikuambii ukiache. Wali uliobaki umwage kwenye sinia pana upoe haraka, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Pasipo na friji, ni salama zaidi kupika kiasi cha mlo mmoja.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Kitabu chetu kinasema kwamba bakteria hutoa sumu zinazoua seli, kisha kinaendelea na mambo mengine. Zinauaje hasa?
Mwanafunzi, Chumbageni, Tanga

JIBU: Swali lako linastahili zaidi ya sentensi moja. Tuanze na utando wa seli, ambao kazi yake ni kama ya ubao wa jahazi: nje kuna sodiamu na kalisi nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, na uhai wa seli umo katika kuzitenganisha. Bakteria Staphylococcus aureus, yule wa majipu, hutoa sumu ya alfa ambayo vipande vyake saba hukutana juu ya utando, vikajipanga duara na kutoboa tundu. Sumu ya streptolisini O, inayotoka kwa bakteria wa kundi la wale wanaoleta maumivu ya koo, hujikusanya vipande makumi kadhaa na kuacha tundu kubwa zaidi. Potasiamu huvuja nje, kalisi na maji huingia, na seli huvimba hata ikapasuka. Lakini seli nayo haikai kimya, na jambo hili hunistaajabisha kila ninapolifundisha: kalisi inayoingia huwa ndiyo ishara ya hatari, na seli hukimbilia kutia kalafati, yaani kukikata kile kipande cha utando chenye tundu na kukitenga. Matundu yakiwa machache huokoka. Yakizidi uwezo wake, huzama.

Ziko pia sumu ambazo hazitoboi bali huuyeyusha utando wenyewe. Sumu ya alfa ya Clostridium perfringens, bakteria anayeozesha misuli katika majeraha makubwa, ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali bila yenyewe kuisha, na hukata mafuta yanayoujenga utando.

Sumu ya dondakoo ni ya werevu wa kutisha kupita hizo zote. Mwaka 1888, mjini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin waliuchuja mchuzi waliokuwa wameoteshea bakteria wa dondakoo mpaka usibaki bakteria hata mmoja, wakawadunga wanyama mchuzi mtupu, na wanyama wakafa. Hapo ikathibitika kwamba bakteria anaweza kubaki kooni huku sumu yake ikisafiri hadi moyoni. Sumu hiyo ina sehemu mbili. Moja hujishikiza kwenye kipokezi cha seli, na seli, isijue inachokaribisha, huimeza ndani ya kifuko kidogo. Uchachu wa kifuko huibadilisha umbo, ikajichomeka kwenye utando wake, na sehemu ya pili ikapenya hadi ndani ya seli. Huko hubandika kipande cha kemikali juu ya protini ambayo ribosomu, yaani viwanda vya protini vya seli, haziwezi kufanya kazi bila msaada wake. Kazi husimama, na seli isiyoweza kutengeneza protini hufa. Kwa kuwa sumu ni kimeng'enya, haitumiki ikaisha. Ikimaliza protini moja huendea nyingine, na majaribio yameonyesha kwamba molekuli moja tu iliyofika ndani yatosha kuiua seli. Dawa ya kuizima, iliyotokana na kazi ya Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato ya mwaka 1890, huikamata sumu ikiwa bado nje ya seli. Iliyokwisha ingia haifuatiki, ndiyo sababu madaktari hawangoji majibu ya maabara wanapomshuku mgonjwa kuwa na dondakoo.

SWALI: Mwalimu, kaka yangu ni mvuvi. Alikanyaga msumari wenye kutu wa ngalawa, akanunua vidonge vya antibiotiki duka la dawa. Kituo cha afya wamesisitiza achome sindano ya pepopunda, naye anasema vidonge vinamtosha. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Sahare, Tanga

JIBU: Kituo cha afya. Antibiotiki inaweza kuua bakteria wa pepopunda, lakini haigusi sumu iliyokwisha kutoka. Sumu hii hupanda ndani ya mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, na huko hukata protini ambayo seli za fahamu huitumia kutoa ishara ya kuilegeza misuli. Seli zenyewe hazifi, ila zimenyamazishwa, na misuli isiyopata amri ya kulegea hukakamaa kuanzia taya hadi mgongo. Kipindupindu nacho huziacha seli za utumbo zikiwa hai, lakini huzilazimisha kumwaga maji na chumvi bila kukoma. Na kwa kuwa mlango wao wa kupokea sukari pamoja na chumvi hubaki mzima, maji ya ORS huokoa maisha.

Chanjo ya pepopunda hutengenezwa kwa sumu yenyewe iliyozimwa ukali, ili mwili ujifunze kuikamata kabla haijafika kwenye mishipa. Hata aliyeugua pepopunda akapona bado huhitaji chanjo, kwa sababu kiasi cha sumu kinachotosha kumlaza mtu ni kidogo mno kiasi kwamba mwili hauwahi kujenga kinga. Mwambie kaka yako aende leo na kadi yake ya chanjo kama anayo, ajibu kwa usahihi watakapomuuliza sindano ya mwisho alichoma lini, na kama hajawahi kuchanjwa arudi kila tarehe watakayompa mpaka dozi zitimie.