Mwanangu, Maldivi nenda, wakala usimpe kitu

Wete, Pemba

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Babu yako tu analalamikia magoti, na karafuu zimeshaanza kuanikwa kando ya barabara. Ujumbe wako nimeusikiliza. Unauliza uiache spa ya Paje uende kukanda wageni kwenye hoteli ya Maldivi, na umpe wakala milioni mbili anazozitaka ili akupeleke. La kwanza, nenda. La pili, usimpe hata shilingi.

Nianze na hilo la pesa maana ndilo lenye madhara. Hoteli ikitaka mkandaji, gharama za kumtafuta ni zake. Shirika la Kazi Duniani limeliandika hilo tangu mwaka 1997 katika mkataba wake namba 181: wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Halafu unasema kakwambia uingie kwa viza ya utalii, kibali cha kazi kitafuata ukishafika. Hapo nikamjua ni mtu wa namna gani. Mtalii akishuka Maldivi hupewa siku 30 palepale uwanjani, bure. Kwa hiyo huyo bwana anakuuzia embe zilizo kwenye mti wa mwenziwe. Na kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa. Ukikamatwa utakayerudishwa ni wewe, yeye yuko zake Darajani anakunywa kahawa. Kibali huombwa na mwajiri, kwa jina lako, kabla hujapanda ndege. Mwambie akuoneshe. Akianza kuzungusha maneno, kata simu. Na upite Kamisheni ya Kazi hapo mjini uulize kama ofisi yake imesajiliwa. Kuuliza hakulipiwi.

Pesa zako zina kazi nyingine. Paspoti ni 150,000, kisha hati ya tabia njema ya Polisi, na zinazobaki jifunzie. Cheti chako ni cha kozi fupi, na kule utashindana na wasichana wa Bali, wa Thailand na wa Kerala, ambao kwao ukandaji una skuli zake na jadi zake. Kwenye usaili hawaangalii karatasi peke yake. Meneja wa spa hulala mwenyewe kitandani umkande, au wakakutaka umkande mtu mbele ya kamera ya simu. Wanatazama kama mkono unakwenda bila kukatika, kama shuka inafunika panapostahili kufunikwa, kama unamuuliza mtu nguvu uliyotia inamtosha au imezidi.

Na vidole gumba vyako, mwanangu! Mimi nimekanda wanawake waliojifungua miaka yote hii, mmoja akitoka arubaini mwengine anaingia, na nawajua wakandaji ambao leo hawawezi hata kukuna nazi. Mgongo wa mtu mzima usiukande kwa gumba. Tumia kigasha, tumia kiwiko, uzito utoke miguuni. Kwenye mkataba utazame unatakiwa ukande watu wangapi kwa siku. Kama haikuandikwa, ujue kaskazi ikivuma na hoteli ikijaa watakukalisha chumbani tangu asubuhi mpaka usiku.

Kaskazi ndiyo msimu wao mkubwa. Kukavu, bahari imetulia, wageni tele. Kusi ikiingia na mvua, wageni hupungua. Ndiyo maana mshahara wa msingi usikudanganye wala usikukatishe tamaa. Hoteli za kule humkata mgeni asilimia 10 ya huduma na fungu hilo hugawiwa wafanyakazi, kwa hiyo hupanda na kushuka na wageni. Uliza mwezi mbaya walipata ngapi. Mwezi mzuri watakwambia wenyewe.

Singo, yale manukato yetu ya kusugulia mwili, usiiache nyumbani. Liwa, mawaridi makavu, asumini, karafuu, mpachori, ndiyo niliyokupaka wewe, na hoteli za hapo Unguja zinaiuza kwa dola. Waeleze kwenye usaili, maana hilo msichana wa Bali hanalo. Lakini mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yale ya Wawi hapa Pemba, uyatumie kwa hadhari: ni makali, huunguza ngozi yakipakwa matupu. Matone machache tu ndani ya mafuta ya nazi, na kwanza uulize kama mgeni ana mzio.

Umeniuliza pia watu watasema nini ukikanda wanaume. Watasema. Walisema ulipokwenda Paje. Kama moyo wako unataka kukanda wanawake tu, lisemee kwenye usaili kabla ya kusaini. Ziko hoteli zitakubali, ziko zitakazokukatalia, na ya kukukatalia ni bora uijue ukiwa hapa. Uwaulize pia mgeni akivuka mpaka mkandaji anaruhusiwa kusimamisha kazi na kutoka chumbani au vipi. Atakayecheka kwa swali hilo, usiende kwake.

Maisha yenyewe, kule ni kisiwa kimoja hoteli moja. Nchi ni ya Kiislamu, pombe huruhusiwa visiwa vya hoteli, wafanyakazi hulala upande wa nyuma wa kisiwa hichohicho. Ukigombana na mwenzio hakuna daladala ya kupanda ukapumue kwa shangazi. Wewe kwa kununa nakujua, basi uliza chumba mnalala wangapi.

Nitumie mkataba mzima, si ukurasa wa mshahara peke yake. Nataka nione tiketi ya likizo analipa nani, siku ya mapumziko ni ipi, na paspoti inakaa kwa nani. Mjomba wako atanisomea Kiingereza Ijumaa baada ya sala. Mpaka hapo usisaini.

Mamaako